Mbunge akipinga vita vya nchi yake, ajiuzulu au abaki?

Wa Njiro: Robin Cook alijiuzulu uwaziri Uingereza tarehe 17 Machi 2003 kwa sababu hakukubali nchi yake iivamie Iraki, na waziri akishabaki barazani anabeba uamuzi wa wote. Kesho yake Bunge likapitisha vita kwa kura 412 dhidi ya 149. Nasema alifanya sawasawa. Huwezi kula na serikali huku unaipinga.

Sakina Kwetu: Mkuu, aliacha uwaziri tu. Ubunge alikuwa nao hadi alipofariki 2005. Mtazame pia Barbara Lee, mbunge wa Marekani, 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya kigaidi nchini mwake: kura 420 kwa 1, na hiyo moja ni yake. Alichokataa ni azimio linalompa rais ruhusa isiyo na mipaka ya kutumia jeshi, halitaji nchi wala siku ya mwisho. Baadaye likatumika mbali kabisa na Afghanistan. Wapiga kura wake waliendelea kumrudisha.

Ilboru: Sasa tuje kwetu Tanzania. Kwa ibara ya 44 ya Katiba, Rais anatangaza kwanza hali ya vita, nakala inapelekwa kwa Spika, na Bunge linaitishwa ndani ya siku 14 kuunga mkono au kukataa. Maana yake mbunge anapiga kura vijana wakiwa wameshafika mpakani. Akisema hapana, ataambiwa amewatelekeza. Ibara ya 100 inamkinga asishtakiwe kwa aliyoyasema bungeni, ila haimkingi na chama chake. Akivuliwa uanachama, ibara ya 71 inaondoka na kiti. Arudi kama mgombea binafsi? Haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyo hapa hapa Arusha, ilishaamua 14 Juni 2013 katika kesi ya mwanasiasa Mchungaji Mtikila kwamba katazo hilo linavunja haki. Hili linauma sana.

Wa Njiro: Ibara nazikubali. Lakini 1978 Amin alishaingia Kagera. Siku ile mtu anapinga nini?

Ilboru: Kujihami hapingi mtu, ndugu yangu. Swali ni baada ya kumfukuza: tuishie mpakani au twende Kampala, tulikoingia Aprili 1979? Hapo kuna lengo na gharama za kuhoji, na anayehoji si msaliti.

Sakina Kwetu: Basi ibara ya 44 iongezwe sharti: lengo likibadilika, Bunge liitwe tena.

Wa Njiro: Hilo naliunga mkono. La waziri, bado nasema aondoke.