Naomba ushauri: Tivoli jioni ya Desemba na watoto wadogo

Habari zenu, wazazi wenzangu. Tunaishi Denmark, na wifi yangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa kumi na mbili. Watoto wanataka tumpeleke Tivoli, ile bustani ya burudani yenye bembea na michezo pale Copenhagen, akaone taa za Krismasi. Jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo taa tutaziona mapema. Wasiwasi wangu ni baridi ya kwenye foleni. Mkubwa anakimbiakimbia, anapata joto. Mdogo ana mwaka mmoja na nusu, anakaa tu kwenye kigari, na mikono inakuwa ya baridi hata akivaa glavu. Mliokwenda na watoto wa umri huu, mliwavalisha nini ndani ya koti? Mlikaa muda gani? Na wifi nimwazime viatu vya aina gani?