Tanga: Shangazi ana malengelenge sikioni, wanamuuzia kipimo cha "virusi vilivyojificha kwenye neva"

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira.

Shangazi yangu, mtu mzima wa Ngamiani, aliamka uso umekwenda upande. Jicho halifungi, chai inamwagikia kidevuni. Majirani wakaanza lao: huo upepo, kapigwa kofi na jini, mpelekeni kwa mganga. Tukakataa, tukampeleka kituo kimoja cha binafsi hapa mjini. Jina silitaji, sitaki uzi ufutwe.

Dokta hakumtazama sikio. Bibi wa watu analalamika sikio linawaka moto, yeye kainamia karatasi anaandika. Mwisho akatamka kwamba mgonjwa ana "virusi vilivyojificha kwenye mishipa ya fahamu", atolewe damu kwa kipimo maalumu. Laki na ushee, lipa kwanza, majibu msubiri.

Majibu yalipotoka nikaiomba karatasi. Mimi ni mtu wa maabara, kwa hiyo hapo hawakunipata. Toksoplazma, rubela, sitomegalo, hepesi. Jamani, hiyo ni TORCH! Kipimo wanachopimwa wajawazito, kutafuta maambukizi yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni! Shangazi ana wajukuu wanaonyoa ndevu. Na toksoplazma wala si kirusi, ni kimelea.

Hepesi IgG wameizungushia kalamu nyekundu: chanya. Eti ndiyo ushahidi. IgG ni kingamwili, inaonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi, pengine miaka hamsini nyuma. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2016 watu bilioni 3.7 wa chini ya miaka 50 walikuwa na hepesi aina ya 1, yaani asilimia 67. Kawapime abiria pale stendi ya Kange, wengi watatoka chanya na nyuso zao zimenyooka.

Tena kirusi kikiwa kimelala kweli kwenye neva, hakizunguki kwenye damu. Kinakaa ndani ya seli za fundo la neva, yaani pale seli za neva zinapojikusanya, DNA yake imetulia kwenye kiini cha seli, hakizalishi wenzake. Kukiona kikiwa kimelala kunataka upate fundo lenyewe, ndiyo maana watafiti waliokikuta humo kwa binadamu walichunguza maiti. Kwa aliye hai tunachotafuta ni kirusi kilichoamka. Ubongo ukivimba kwa hepesi, hutolewa maji ya uti wa mgongo yakapimwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta DNA ya kirusi chenyewe, na hata hiyo ikifanywa mapema mno huweza kutoka hasi ilhali ugonjwa upo. Kwa hiyo daktari anayejua kazi huanzisha dawa ya kuua kirusi, ya kuingiza kwenye mshipa wa damu, kabla ya majibu. Damu ya mkononi na IgG haviingii hapo kabisa.

Shangazi hata maji ya uti wa mgongo hakuyahitaji. Nilimmulika sikio kwa tochi ya simu, malengelenge yale pale! Kirusi cha tetekuwanga aliyougua utotoni, hichohicho kinacholeta mkanda wa jeshi, kimeamka kwenye fundo la neva ya uso. Daktari wa Kimarekani James Ramsay Hunt aliueleza ugonjwa huu mwaka 1907, Tanga bado iko chini ya Mjerumani. Na sasa sikieni: kirusi hicho kwenye karatasi yao HAKIMO. Wamechukua hela kutafuta vilivyojificha, wakaacha kilichojitokeza.

Dawa zake ni asaiklovia pamoja na prednisoloni, na inafaa zianze ndani ya saa 72. Saa hizo sisi tumezimalizia kwenye benchi tukisubiri majibu ya TORCH.

Sasa yuko kwa dokta mwingine, dawa anatumia, jicho tunalipaka mafuta na kulibana plasta usiku lisikauke. Uso haujarudi. Kule nilikokwenda kudai hela, dada wa mapokezi ananiambia, "Kaka, kipimo si kimefanyika?"

Malalamiko nayapeleka kwa mganga mkuu wa mkoa na kwa bodi inayosimamia maabara binafsi. Najua shangazi si peke yake, kwa sababu siku ileile kijana wa kifafa kutoka Muheza naye kaandikiwa hichohicho. Mwenye mgonjwa wa kiharusi, kifafa au uso kupinda aliyeuziwa TORCH kwa jina la virusi vya neva, ziba jina la mgonjwa, piga picha karatasi na risiti, weka hapa. Nitaziambatanisha zote.