Skafu na beji za skauti za kurithi, Mtwara na Lindi: tupeane uzoefu

Habari za jioni ndugu zangu. Kijana wangu kaingia skauti hapa Mtwara mjini. Mjomba wake kafurahi mno, kamletea skafu yake ya zamani na shati lenye beji zote alizopata ujanani. Skafu sina neno. Beji ndiyo tumevutana: mjomba anasema mpwa wake azivae zote, mimi naona mtoto asivae beji ya huduma ya kwanza wakati hajui kufunga bandeji. Kwenu mnafanyaje?

Kaka wa Masasi:
Zifumue, mkuu, uzitunze. Beji ya ufundi unapimwa kwanza ndipo unaivaa. Msimu wa korosho mdogo wetu alianguka mtini, mkono ukavimba palepale. Kaka yetu mkubwa, skauti, akavua skafu, akaiweka pembetatu, kiwiko kikakaa kwenye pembe, ncha mbili akazifunga pembeni ya shingo kwa fundo lile lile la kamba inayozunguka nembo ya skauti duniani. Hadi tunafika hospitali mkono haukutikisika. Huyo akivaa beji, kijiji kizima kinajua kaitolea jasho.

Mama wa Lindi:
Mimi natofautiana kidogo. Mama yangu alikuwa Girl Guides, yaani skauti wa kike, akaniachia beji yake ya majani matatu. Yale majani ni sehemu tatu za ahadi, na ahadi ile ile nami niliitoa mbele ya wenzangu, ndipo akanibandika kifuani kwa mkono wake. Hiyo inarithika. Upepo wa bahari unaifanya shaba iwe kijani, basi kila tarehe 22 Februari, siku waliyozaliwa mwanzilishi wa skauti Baden-Powell na mkewe Olave, tunaisugua kwa ndimu na majivu.

Wa Nachingwea:
Sare kwetu ilikuwa shati la kaka, fundi kapunguza mikono. Tulipendeza sana tu.

Bint Kilwa:
Mwenge ulipopita kwetu, mdogo wangu alichaguliwa kumvalisha skafu kiongozi wa mbio. Bibi alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Skafu ya mgeni iliandaliwa mpya. Ile ya marehemu babu alibaki nayo mdogo wangu shingoni, na ameshaambiwa haitoki nyumbani mpaka apatikane skauti mwingine wa ukoo.