Naomba ushauri: betri ya kompyuta mpakato imevimba

Ndugu wanachama wenzangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, na naomba msaada wa wenye uzoefu na kompyuta mpakato, kwa kuwa yangu imeanza kunitia hofu.

Nimeitumia kwa miaka 4, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiiacha kwenye chaja usiku kucha, mara nyingi juu ya godoro, ambako matundu yake ya hewa huzibwa na shuka. Wiki iliyopita niliona sehemu ya kutelezeshea kidole imeinuka hata haibonyezeki, na nilipoiweka mezani ikawa inayumba. Nimeizima, nimechomoa chaja na kuiweka kwenye sakafu ya saruji, mbali na mapazia. Fundi mmoja wa mtaani alishauri tuitoboe betri ili gesi itoke. Nilikataa, kwani betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kuwaka moto papo hapo.

Betri yenyewe imo ndani, chini ya mfuniko wa skrubu. Je, fundi mwingine akishaiondoa, naweza kuitumia kompyuta kwa umeme wa ukutani pekee hadi nipate betri mpya, ilhali hapa kwetu umeme hukatika bila taarifa? Na hiyo iliyovimba niipeleke wapi, maana sithubutu kuitupa jalalani ambako watoto huokota vyuma chakavu na taka huchomwa moto kila Jumamosi?

Natanguliza shukrani.