Trekta dogo, ekari 2: ninunue kifaa gani kwanza?

Wandugu, salamu kutoka Masindi, Uganda. Nimepata trekta dogo la mtumba, nguvu za farasi 25, kwa shamba la nyumbani: migomba, kahawa, na mahindi kidogo nyuma ya nyumba. Limekuja na plau ya sahani. Pesa iliyobaki inatosha kifaa kimoja tu.

Moyo wangu uko kwenye trela, maana samadi na matoke tunasukuma kwa toroli na mama watoto amechoka. Fundi anasisitiza rotaveta, kile kifaa cha visu vinavyozunguka na kusaga udongo. Naogopa: jana nilifukua kwa vidole chini ya mgomba, mizizi nikaikuta juujuu kabisa. Visu si vitaikata? Lakini kwenye mahindi plau inaacha mabonge makubwa. Wenye uzoefu, mngeanza na kipi?