Majina yanayojirudia kwenye orodha za umma: kuhesabu herufi kunatosha?

Sanawari: Wadau, kuna wanaotaka orodha za umma zisafishwe kwa programu: majina mawili yakiwa na herufi zilezile kwa idadi ileile, moja lifutwe. Napinga. Kwa kipimo hicho MOSHI na SHIMO ni mtu mmoja.

Pasua: Maneno yote umeyaacha ukaona shimo liko Moshi? Mashimo yako huko kwenu Arusha, muulize bodaboda yeyote. Halafu hiyo ni ngazi ya 1 tu. Ngazi ya 2 unahesabu na jozi za herufi. Kuruka herufi za katikati ruksa, kurudi nyuma marufuku. MOSHI ina M-S mara 1, SHIMO haina. Kwisha habari.

Sanawari: Mkuu, povu la nini? Hiyo ngazi ya 2 inapigwa chenga na ABBA na BAAB. AB 2, BA 2, AA 1, BB 1, kote kote.

Kiboriloni: Panda ya 3 basi, hesabu herufi tatu tatu. ABA iko mara 2 ndani ya ABBA, kwenye BAAB hakuna. Ya 3 inatenganisha maneno yote yasiyozidi herufi 6. Kwenye 7 inagota, jaribuni ABBAAAB na BAAABBA. Ya 4 inagota kwenye 12.

Njiro: Mnajichosha. Yule Imre Simon, mwanahisabati wa Brazil, alishamaliza miaka ya sabini: huhesabu, unaangalia tu mfuatano upo au haupo.

Kiboriloni: 1975. Na chake ni kilegevu zaidi. Ngazi ya 2 anaona AAB na AAAB ni sawa. Ukihesabu, AB ni 2 huku na 3 kule. Anayeandika programu achunge hapa: kwa AA weka makasha mawili ya kuhesabia, la A na la AA. Ikija A, kwanza jumlisha kasha la A ndani ya la AA, ndipo uongeze 1 kwenye la A. Ukigeuza, herufi inajipanga na yenyewe: AAA inakupa 6 badala ya 3.

Pasua: Hayo makasha yote hayamkamati MASSAWE aliyeandikwa MASAWE. Karani kadondosha S moja, ngazi ya 1 tayari inaona watu wawili, na ukishatofautiana chini hakuna ngazi ya juu itakayowarudisha pamoja.

Njiro: Massawe ni S mbili. Asiyejua asishike kalamu.

Sanawari: Huyo bodaboda wa kuulizwa ni wa Arusha au wa Moshi? Maana wa kwenu tunawajua.