Wenye magari ya zamani tupeane uzoefu: ulinunuaje, na unalitunzaje mwenyewe?

Mtoa uzi

Wakuu, salaam. Nina Corolla 110 namba B, mwaka wa nne sasa. Leo nimetoka chini yake nikiwa na grisi mpaka masikioni, nikaona tufungue huu uzi. Walioagiza Japani watatuwia radhi, hapa ni kwetu sisi wa mkononi: gari la milioni tatu, nne, lile ambalo shemeji akiliona anauliza, "Ndo hili?"

Naanza na langu. Nililinunua Morogoro kwa mzee mstaafu, milioni 3.4 baada ya kubembelezana kutoka 4. Jamaa yangu mmoja aliniambia nifike alfajiri, kabla mwenyewe hajaliwasha. Nikagusa boneti, baridi. Nikafungua mfuniko wa oili, hakuna ule uji wa rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji kuingia kwenye oili. Lilipowaka likatoa moshi wa bluu kidogo, ukakata. Nikajiona mjanja. Nilichosahau ni kufungua mfuniko wa rejeta.

Mwezi wa pili baada ya kulinunua nikapata uhamisho kwenda Njombe. Katikati ya Kitonga, nyuma ya lori linalopanda kama linahesabu mawe, mshale wa joto ukalala kwenye H. Nikaegesha, jiwe nyuma ya tairi, nikasubiri kama dakika arobaini. Nilipofungua rejeta kwa kitambaa, yalitoka maji mekundu kama ya mtoni baada ya mvua. Miaka yote hiyo gari lilikuwa linanyweshwa maji ya bomba, kulanti, yale maji maalum ya rejeta, halijui.

Nikajivuta mpaka Mafinga. Fundi akaflashi rejeta, kazi nzuri tu, halafu akachomoa thamostati na kunikabidhi mkononi: "Hiki ni cha nchi za baridi bosi, huku hakina kazi." Mimi huyo naelekea Njombe, mwezi wa sita!

Basi nikawa naendesha gari ambalo mshale hauinuki kabisa. Hita inapuliza upepo wa friji. Mafuta, kutoka kilomita 12 kwa lita nikashuka mpaka 8, nikadhani wananipunja sheli. Kumbe kile kidude kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kisipokuwepo, kwenye baridi injini haiivi, sensa inaiambia kompyuta "bado tuko baridi", nayo inaendelea kumimina petroli.

Nikanunua kingine, kimeandikwa 82. Kabla ya kukifunga nikakining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya mke wangu, maji jikoni. Nyuzi 82 ni chini ya kuchemka, kwa hiyo kizima lazima kifunguke kabla maji hayajaanza kutokota. Vipovu vya kwanza tu, kikafunguka taratibu kama mtu anayeamka usingizini. Sufuria hiyo sijasamehewa mpaka leo.

Ninachotaka kusema ni kwamba ukinunua gari la zamani unanunua na mafundi wote waliolipitia. Haya, leteni yenu. Langu asubuhi bado linasumbua kuwaka, mwenye wazo asiniache.

Kifaa Mkononi

Mkuu, usikimbilie kubadilisha vitu. Mengi ya hayo ya miaka ya tisini hayasomeki na vile vimashine vya bluetooth vya kuchomeka chini ya usukani, watu wanaliwa hela zao bure. Fungua boneti, utaona kiboksi kidogo kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya mfuniko wake kuna ramani ya matundu. Tafuta TE1 na E1, uyaunganishe kwa kipande cha waya au kibanio cha karatasi kilichonyooshwa. Usikosee tundu, hapo ndipo pa kuwa makini. Kisha washa swichi bila kupiga stata, utazame taa ya cheki injini.

Ikipepesa mfululizo, mapigo sawasawa, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipiga kwa mafungu, hesabu: mbili, ikapumzika, moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. 22 ni sensa ya joto la maji. 41 ni ya throto. Mimi nilihesabu mara tatu na karatasi mkononi kama mtahiniwa, lakini laki na nusu ya "kupima kompyuta" ilibaki mfukoni.

Na mnaokwenda kununua: ukiwasha swichi, taa ya cheki injini LAZIMA iwake kwanza, kisha izimike injini ikiunguruma. Isipowaka kabisa msishangilie. Kuna wauzaji wanaichomoa balbu.

Wa Forodhani

Huku Unguja adui si fundi, ni chumvi. Nilipotaka kununua Starlet ya jamaa mmoja nilikwenda na sumaku ya mlango wa friji, ile yenye picha ya nanasi, nimeifunga ndani ya kitambaa laini nisikwaruze rangi. Boneti ikanasa. Mlango wa mbele, ikanasa. Nikashuka chini ya mlango wa nyuma, karibu na tairi, nanasi likaanguka. Nikaliokota, nikalibandika tena, likaanguka. Yule bwana akatazama pembeni. Pale bati lilishaliwa, lililobaki ni puti na rangi juu yake.

Nilichukua hivyo hivyo, kapunguza laki sita. Nikakata, nikachomelea bati jipya, nikapaka dawa ya kutu na ndani ya uwazi nikapuliza oili chafu. Watu wa rangi watanicheka kwa hiyo oili, lakini mwaka wa tatu huu bado sijaona kutu pale. Kapeti nalo linyanyueni. Maji ya bahari yakishaingia sakafuni hayana haraka.

Mama Wawili

Mimi injini sikuona shida, shida ilikuwa karatasi. Vitz nimeiuziwa na kaka tunayesali naye, kadi ina jina la mtu mwingine, nikaambiwa "huyo ni rafiki tu, atasaini". Kwenda kubadilisha umiliki, rafiki alifariki zamani. Nikaanza kutafuta familia, msimamizi wa mirathi, vikao. Miezi minane! Na hapo juu ya ile namba kulikuwa na faini tatu za trafiki, 30,000 kila moja, za makosa ambayo sikuyafanya mimi.

Jamani, namba ya gari ikaguliwe madeni kabla hela haijatoka, na aliyeandikwa kwenye kadi aonekane kwa macho.

Jamaa wa Eastlands

Hapa Nairobi ni hivyo hivyo dada, ila kwetu kadi ya gari ni logibuku. Fanya utafutaji wa rekodi kwanza, maana gari laweza kuwa limewekwa rehani, jina la mkopeshaji liko ndani ya logibuku pamoja na muuzaji. Spea mimi hununua Kirinyaga Road, na huwa nabeba ile ya zamani mkononi. Ukienda na jina tu bila sampuli utarudi huko mara tatu.

Dereva Kimya

Gia boksi ya CVT, ile otomatiki yenye oili yake maalum. Fundi alimimina haidroliki ya kawaida, ile nyekundu. Wiki mbili likaanza kutetemeka, mwezi likagoma. Someni kitabu cha gari. Sina zaidi, bado inauma.

Mtoa uzi

Dereva Kimya pole sana mkuu, hiyo ni hela ya kiwanja.

Kifaa Mkononi, nimefanya ulivyosema na nimepata aibu. Nimewasha swichi, taa ya cheki injini haikuwaka kabisa. Miaka minne sijawahi kuliona hilo! Nikafungua dashibodi, nikaona kishimo chake kitupu, balbu hakuna. Mzee wangu wa Morogoro, au aliyemtangulia, Mungu anajua. Nikahamishia balbu moja ya mwanga wa dashibodi, nikaunganisha TE1 na E1. Ikapiga mbili, ikapumzika, mbili. Nikazima, nikarudia. Mbili, mbili.

Nimefuata waya wa sensa ya joto kwa kidole mpaka nikakuta pameunganishwa kwa selotepu nyeusi ya umeme, imelainika kwa moto, na waya mmoja umetoka. Nadhani niliuvuta mwenyewe siku ile ya kurudisha thamostati, kwa hiyo na mimi nimeshaingia kwenye orodha ya mafundi waliolipitia. Ndiyo maana asubuhi linagoma: kompyuta haipati taarifa, inajichukulia kuwa injini ina moto, inabania petroli.

Nimechomea kwa risasi na kuvalisha mpira. Nje kuna ukungu hapa, kesho saa kumi na mbili nitapiga stata.